Nimempikia msibani mtu tuliyenuniana: huo ni unafiki?

SWALI: Shikamoo Bibi. Jirani yangu ndiye kijumbe wa mchezo wetu wa kupeana. Zamu yangu ilipofika alinipa nusu, nusu nyingine iko kwake mpaka leo, na hatusemeshani. Mwezi uliopita alifiwa na mama yake. Nilibeba mbuzi yangu ya kukunia nazi nikaenda, nikakuna, nikaosha masufuria mpaka hitima. Wifi yangu ananiita mnafiki. Ni kweli? Mnafiki hasa ni nani?
Msomaji, Muheza, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si kweli. Wifi yako kalitupa neno pasipo pake.

Mnafiki ni mtu anayejionyesha kwa asilokuwa nalo moyoni ili watu wamwamini. Hadithi ya Mtume (S.A.W.) iliyomo kwa Bukhari na Muslim inamtaja kwa alama tatu: akisema huongopa, akiahidi hatimizi, akiaminiwa hufanya hiana. Zitazame vizuri, katika zote yupo mtu anayedanganywa. Na katika Mathayo 23 Yesu anawaita waandishi na Mafarisayo wanafiki, kwa kuwa wanasafisha kikombe kwa nje na ndani kimejaa unyang'anyi.

Sasa wewe umemdanganya nani? Kijumbe anajua anadaiwa, na mtaa mzima unajua. Hukumwambia yameisha. Kumzika mtu na kuwapikia waombolezaji ni haki ya ujirani, haifuti deni wala haisemi kuwa mmepatana. Ungekuwa mnafiki kama ungemkumbatia jamvini ukilia "dada yangu kipenzi", halafu ukaenda uani kuwahesabia wapishi vitenge alivyonunua kwa hela za mchezo. Huyo ndiye ndumilakuwili.

Linaniuma jinsi neno hili linavyorushiwa kila anayezuia ulimi wake. Mtu akimwamkia mama mkwe asiyeelewana naye, mnafiki! Akikaa kimya harusini asiharibu shughuli ya watu, mnafiki! Kana kwamba mkweli ni yule anayetukana hadharani. Kujizuia ni adabu, tena adabu ngumu, na wewe umeiweza mbele ya sufuria la mtu aliyekudhulumu.

Hiyo nusu yako lakini idai. Acha arobaini ipite, kisha mfuate nyumbani kwake pamoja na mtu mzima mmoja wa mchezo, umtajie kiasi na umtake aseme siku ya kulipa.