Anko Nijibu: Jirani kaziba kijito, eti hata Marekani ruksa

SWALI: Shikamoo Anko. Nakaa Tabata, nyumba yangu ya nne kutoka kijito kimoja kinachoshuka kwenda Msimbazi. Kiangazi kinakauka kabisa, watoto wanacheza mpira mle mle. Mwaka jana aliyenunua kiwanja cha chini akaanza kuleta tipa za kifusi usiku, matofali yaliyovunjika, vigae, hata sinki la choo nimeliona pale kwa macho yangu. Kashajaza, kapandisha fensi, kijito kimebaki upana wa mlango. Masika hii maji yameingia kwangu mpaka droo ya chini ya kabati, vyeti vya watoto nimevianika kwenye kamba na vibanio kama soksi. Nimemfuata kwa adabu tu, akatoa simu akanionyesha klipu, eti hata Marekani mahakama ishasema kijito cha mvua si mto na serikali haina kauli. Ni kweli hiyo? (Mama Wawili, Tabata)

JIBU: Marahaba mama, pole sana na vyeti. Usivibandue vikiwa vimegandana, utachana jina la mtoto, subiri vikauke taratibu.

Sasa huyo jirani. Hajadanganya, ila kachukua kipande kinachomfaa akaacha kilichobaki. Kesi ipo kweli. Marekani wana Sheria ya Maji Safi ya 1972 inayokataza kumwaga vitu, hata udongo na mawe, kwenye "maji ya Marekani" bila kibali, na cha kujaza kifusi unakiomba kwa Wahandisi wa Jeshi, ndo utaratibu wao. Tatizo ile sheria haikusema hayo maji yanaishia wapi. Mto mkubwa hamna ubishi, lakini kinamasi kilicho nyuma ya mto? Mfereji unaopeleka kwenye kijito kinachopeleka ziwani? Hapo wamegombana miaka na miaka, wakulima na wajenzi upande mmoja, watu wa mazingira upande wa pili. Mwaka 2006 majaji tisa wa Mahakama ya Juu walishindwa kupata wengi kwenye sababu moja, wanne wakasema ni maji yanayokaa tu, yaani yaliyopo muda mwingi, yawe ya mto au ya ziwa, mmoja akasema tuangalie kama kinamasi kina uhusiano wa maana na mto. Baada ya hapo Obama akapanua kanuni 2015, Trump akabana 2020, Biden akaja akarudisha, yaani kama timu inayobadilisha kocha kila msimu, na mkulima yuko pale pale shambani hajui kama dimbwi lake ni la kwake au la Washington.

Ndo wakaja Michael na Chantell Sackett. Hawa mke na mume walinunua kiwanja 2004 karibu na ziwa Priest kule Idaho, 2007 wakaanza kumwaga kifusi wajenge nyumba, serikali ikawaambia simamisheni, hapo ni ardhi oevu, yaani kinamasi, mkikaidi faini inaweza kupita dola 40,000 kwa siku. Kwa siku! Mi hapo nawaonea huruma kabisa, maana walianza kwa kesi ya kuuliza tu kama wana haki ya kushtaki, wakashinda 2012, alafu wakarudi tena mpaka tarehe 25 Mei 2023 ndo Mahakama ya Juu ikamaliza. Wote tisa walikubali kwamba hicho kiwanja si cha serikali kuu kukisimamia. Ila kwenye sababu waligawanyika watano kwa wanne. Watano wakasema ardhi oevu inalindwa tu kama imeungana juu kwa juu na maji yanayokaa, kiasi kwamba huwezi kusema maji yanaishia hapa na tope linaanzia pale. Kijito cha mvua tu, kwa kipimo hicho, kinatoka nje.

Mmoja wa wale wanne, jaji Kavanaugh, aliyeteuliwa na Trump mwenyewe, aliuliza swali ambalo wewe wa Tabata utalielewa kuliko mtu yeyote. Kando ya mto Mississippi kuna matuta ya kuzuia mafuriko, je vinamasi vilivyo nyuma ya tuta navyo vimetoka kwenye ulinzi kisa tuta limekaa katikati? Wakati hivyo hivyo ndo vinasaidia kumeza maji mto ukifura. Mimi niko upande wake.

Na kitu ambacho klipu ya jirani haikusema, ile hukumu inahusu mkono wa serikali ya shirikisho tu. Majimbo yanaruhusiwa kuwa na sheria zao kali zaidi. Mahakama haikumwambia mtu jaza tu. Na hata ingesema, Tabata ni jimbo la wapi kule?

Kwetu huku kuna futi kamba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli ya kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inazitaja hizo mita 60 na ardhi oevu pamoja na mikoko kwenye ardhi inayoweza kutangazwa hatarishi. Halafu angalia hii, kiwanja cha Sackett kilikuwa mita 90 hivi kutoka ziwani. Kwa kamba yetu kingepona upande wa ziwa, kimbembe kingekuwa mfereji uliokuwa ng'ambo ya barabara, unaopeleka maji kwenye kijito kinachoingia ziwani. Jirani atakuja na hoja hiyo hiyo, kwamba hiki si mto ni mfereji, sasa usibishane naye barazani, mwenye jibu ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, waje waone. Andika barua kwa mtendaji wa mtaa, weka picha zenye tarehe, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, nyingine peleka kwa afisa mazingira wa jiji. Mtie sahihi majirani sita saba, sio wewe peke yako, ukiwa peke yako utaitwa mchawi wa maendeleo.

Lakini mama, umesema nyumba ya nne. Viwanja vya Tabata navijua, mita 15 hapa, 20 pale, nyumba ya nne inaweza kuwa ndani ya 60 na wewe. Kamba ikishatolewa haichagui aliyeiita. Waliokuwepo bonde la Msimbazi mwisho wa 2015 na Januari 2016 wanakumbuka X nyekundu zilivyopita ukutani, na greda likafuata. Pima kwako kwanza, kimya kimya, jioni. Ukiwa ndani, bado una haki ya kulalamikia kifusi, ila nenda ukijua.

SWALI: Anko, kaka yangu yuko Columbus, Ohio, kapata eka mbili bei ya kutupa, sehemu ina tope na bata wa porini. Anasema baada ya hukumu hiyo anajaza tu. (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Mwambie atulie. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya mashimo ya zamani ya mchanga na kokoto karibu na Chicago, ikasema ndege wanaohama kutua pale hakutoshi kuyafanya yawe ya serikali kuu. Mwaka huo huo Ohio wakatunga sheria yao ya ardhi oevu zilizojitenga, zinazotaka kibali cha jimbo. Kwa hiyo bata hawatoshi Washington lakini tope lake lina mwenyewe hapo hapo Columbus. Kabla hajalipa awaombe Wahandisi wa Jeshi wamwandikie kama sehemu hiyo iko chini yao au la, alafu aende ofisi ya mazingira ya jimbo na karatasi hiyo mkononi. Na amuulize muuzaji kwa nini bei ni ya kutupa.