Maswali ya Wasomaji: Diski Ifike, Ikute Deki Iko Tayari

SWALI: Shemeji yangu aliyeko London ataniletea diski ya filamu ya zamani, The Red Shoes, iliyokarabatiwa akija likizo. Ameniuliza kama nataka DVD, Blu-ray au 4K. Nina deki ya DVD tu na TV ya inchi 43. Nimjibu nini?
Msomaji, Area C, Dodoma

JIBU: Kwanza geuza deki yako uangalie nyuma. Utaona alama ndogo ya dunia yenye namba ndani. Namba hiyo ni kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski zake deki inazikubali. Kwa DVD, Tanzania iko kanda ya 5 na Uingereza kanda ya 2, hivyo deki iliyofungwa kwenye 5 itaikataa DVD ya London hata ikiwa mpya kabisa. Ukikuta neno ALL, haina kizuizi. Kwenye Blu-ray kanda ni herufi, na sisi na Waingereza wote tuko B. Diski ya 4K, yenye picha kali kuliko hizo mbili, haina kanda.

Usimruhusu fundi akuambie ataifanya deki ya DVD isome Blu-ray. Jicho la deki hiyo hutumia mwanga mwekundu, na vijishimo vya Blu-ray ni vidogo mno kwa mwanga huo. Vinahitaji mwanga wa bluu ya zambarau. Vilevile deki ya Blu-ray haisomi 4K.

Ushauri wetu ni Blu-ray, pamoja na deki yake. Ukikaa mita tatu kutoka TV ya inchi 43, macho yako hayataona tofauti kubwa kati yake na 4K. Pesa itakayobaki nunulia stabilaiza. Deki iliyotoka Marekani usiiguse kabla ya kusoma kibandiko chake: mara nyingi ni kanda A, na ikiandikwa 120V pekee, umeme wetu wa volti 230 utaiunguza.

SWALI: Filamu ya 1948 inapataje rangi kali hivyo? Wameipaka kwa kompyuta?
Msomaji, Mpwapwa

JIBU: Hapana, rangi ni zake. The Red Shoes, ya Michael Powell na Emeric Pressburger, ilipigwa na Jack Cardiff kwa kamera ya Technicolor. Ndani ya kamera hiyo mwanga uligawanywa ukaandikwa kwenye mikanda mitatu ya nyeusi na nyeupe: mmoja wa wekundu, mmoja wa kijani, mmoja wa bluu. Hilo ndilo lililoiokoa. Mkanda wa rangi hupauka, lakini wa nyeusi na nyeupe hushikilia kumbukumbu yake miaka mingi.

Kilichoharibika ni kingine. Mikanda iliota ukungu, ikakwaruzika, na kila mmoja ukanywea kwa kiasi chake. Ukiibandika pamoja, kiatu chekundu kinaota ukingo wa kijani. Kwa hiyo ukarabati uliokamilika 2009, uliofanywa na hifadhi ya filamu ya chuo cha UCLA pamoja na The Film Foundation ya mwongozaji Martin Scorsese, ulibidi kulinganisha upya picha kama 190,000, kila moja mara tatu. Ni kazi ya kuheshimiwa sana.

SWALI: Kwenye kionjo cha The Red Shoes picha ina chengachenga, na pembeni kuna weusi. TV yangu ni mbovu?
Msomaji, Kisasa, Dodoma

JIBU: TV ni nzima. Filamu za wakati ule zilikuwa na umbo karibu na mraba. Kwenye inchi 43, kila upande utabaki weusi wa kama sentimita 11. Ukiivuta picha ijae, Moira Shearer anayecheza baleti atanenepa kwa karibu theluthi.

Chenga ni chembe za mkanda wenyewe. Ukizifuta, ngozi za nyuso zinakuwa kama nta. Kwenye mipangilio ya picha ya TV chagua Cinema au Movie, shusha Sharpness, kisha zima kilainisha mwendo: Samsung hukiita Auto Motion Plus, LG TruMotion, Sony Motionflow. Kikiwaka, filamu inateleza kama tamthilia ya studio.

Na kwa vumbi letu la kiangazi, usiiache diski nje ya kasha. Ifute kwa kitambaa laini kikavu, kutoka katikati kwenda ukingoni. Ukifuta kwa kuzungusha, mkwaruzo utafuata njia ya jicho la deki na diski itaanza kukwama.