Mkufunzi mpya, mwachie bisibisi

Wengi wetu tuliingia kwenye ukufunzi kwa sababu tulikuwa mafundi hodari, na shida huanzia hapo. Ukimwona mwanafunzi anahangaika na skrubu ya soketi, mkono unawasha. Unamnyang'anya bisibisi, unamaliza upesi, unauliza, "Umeona?" Anaitika. Kweli ameona, lakini mkono wake haujajifunza kitu.

Nilifundisha umeme wa majumbani hadi nikastaafu, na miaka ya mwanzo nilifanya hivyo kila siku. Kisha soketi niliyoipitisha ikaanza kunuka: mwanafunzi alikuwa amekaza skrubu juu ya ganda la waya, shaba ikawa imegusa kidogo tu. Tangu hapo sikutosheka na kusema "kaza vizuri". Baada ya kukaza, auvute waya mwenyewe. Halafu tupige hesabu pamoja: ampea 10 zikipita penye mguso hafifu kama ule, wenye ukinzani (kizuizi cha umeme) wa omu 0.5, zinatoa joto la wati 50 (10 × 10 × 0.5) mahali padogo kama punje ya mahindi. Akishaiona hesabu hiyo, huhitaji kumkumbusha.

Jambo la kusimamia bila huruma ni kupima kabla ya kugusa. Kipimo cha umeme kijaribiwe kwanza mahali penye umeme kwa hakika, kisha kwenye waya unaotaka kuushika, kisha kirudishwe pale pa kwanza. Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa sana. Kipimo kinaweza kufa katikati ya kazi, na kilichokufa hutoa jibu lile lile la waya usio na umeme.

Baada ya kustaafu nilianza kujitolea kufundisha vijana, jioni mbili kwa wiki. Nawe ukifika huko, uliza mapema nani ananunua vifaa na nani anashika ufunguo wa swichi kuu. Na usihutubie. Hakuna cheti cha kuwashikilia, wakichoka, hawarudi. Anza na kitu kibovu walichokuja nacho wenyewe.

Binti mmoja alileta pasi isiyopata moto. Nilihisi mapema kwamba waya umekatikia ndani, karibu na mpini. Nikafunga mikono nyuma. Alipima fyuzi, akapima elementi, ile sehemu inayotoa moto, akarudia, karibu saa nzima. Mwisho akaanza kuukunja waya kidogo kidogo huku macho yako kwenye mita, na alipoukaribia mpini, sindano ikaruka.

"Mwalimu, ni hapa!"