Maswali ya Wasomaji: Darubini ya Kutazamia Ndege kwa Fedha Kidogo

SWALI

Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Mwanangu aliye kidato cha pili amewapenda mno ndege, na kila Jumamosi hunivuta twende Sahare kuwatazama kwenye mikoko, hata nami nimenogewa. Tumeweka akiba ya shilingi 150,000 ili tununue darubini. Dukani nimeonyeshwa mpya iliyoandikwa 30x60 kwa shilingi 60,000. Kwa muuza mitumba nimeona kuukuu ya chuma, imeandikwa 8x30 na jina la Carl Zeiss Jena, naye anataka 120,000. Yule wa dukani anasema 30 ni karibu mara nne ya 8, basi nisitupe fedha zangu. Tena mimi huvaa miwani nikitunga uzi na nikisoma gazeti, na nimesikia kwamba mwenye miwani hafaidi darubini. Naomba ushauri.

Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU

Ndugu msomaji, usiinunue hiyo ya 30x60, hata muuzaji akikupunguzia bei.

Namba ya kwanza ni ya ukuzaji, yaani kwa darubini ya 8, ndege aliye mita 80 mbele yako utamwona kana kwamba yuko mita 10. Namba ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, na upana huo ndio unaoingiza mwanga. Ukigawanya ya pili kwa ya kwanza unapata upana wa duara la mwanga linalofika kwenye jicho: kwa 8x30 ni karibu milimita 4, na kwa 30x60 ni milimita 2 tu. Mboni ya jicho mchana wa jua kali hubana hadi milimita 2 au 3, lakini alfajiri, au chini ya kivuli cha mikoko, hupanuka zaidi ya hapo, na duara la milimita 2 litakupa picha ya giza wakati ule ule ambao ndege wanahangaika kutafuta chakula. Isitoshe, kila kinachokuzwa mara 30 hukuzwa pamoja na mtikisiko wa mikono yako, kwa hiyo bila kuiegemeza darubini mahali imara utaona ndege anayerukaruka ilhali amesimama. Na kadiri ukuzaji unavyozidi ndivyo eneo unaloliona linavyokuwa jembamba; mwanao atakuwa anamtafuta mdiria angani hali ndege mwenyewe ameshahamia tawi jingine.

Hayo ni kama maandishi yenyewe ni ya kweli. Chukua futi yako ya kazini uende nayo dukani, upime kioo cha mbele kutoka ukingo hadi ukingo. Kama darubini ni ya 60, kioo hicho kina sentimita 6 kamili. Darubini nyingi za bei ya chini zinazoandikwa namba kubwa zina vioo vidogo mno kuliko maandishi yake, na futi itakuambia ukweli mara moja. Ukikuta vioo vimepakwa rangi nyekundu inayong'aa kama kito, hiyo nayo ni sababu ya kuiacha, kwa sababu rangi hiyo hurudisha nje sehemu ya mwanga ambao ungepaswa kuingia.

Sasa hiyo ya mitumba. Jena ni mji wa Ujerumani, na wakati wa Ujerumani Mashariki kiwanda cha huko kilitengeneza darubini za 8x30 kwa wingi, nyingine zikiwa zinafanya kazi vizuri hadi leo. Hata hivyo jina pekee lisikutoshe, kwa kuwa jina huweza kuchapwa kwenye chochote, na kitu cha zamani huweza kuwa kimeharibika ndani. Mwombe muuzaji ruhusa, uwashe tochi ya simu upande mmoja na kuchungulia upande wa pili. Vumbi kidogo halina neno. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, huo ni ukungu ulioota juu ya lenzi, maradhi ya kawaida ya vioo katika unyevu wa pwani yetu, na kuuondoa kunahitaji fundi wa kuifungua darubini yote, achana nayo.

Ikiwa safi, toka nayo nje uelekeze kwenye kitu cha mbali chenye mstari ulionyooka, kama ukingo wa paa la bati au nguzo ya umeme. Funga jicho la kulia, uzungushe gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione vizuri. Kisha funga la kushoto, usiguse gurudumu, uzungushe pete iliyo kwenye kioo cha jicho la kulia. Fungua yote mawili na utazame kwa dakika tano nzima, maana hapa ndipo wengi huharakisha. Nguzo ikionekana mbili, au ukihisi macho yanavutwa na kichwa kinaanza kuuma, darubini iliwahi kuanguka na mirija yake miwili haitazami tena mahali pamoja. Ikipita mtihani huo, mimi ningekuwa wewe ningeinunua, na ningeomba anipunguzie.

Kuhusu miwani, habari yako ni njema kuliko ulivyodhani. Ni kweli kwamba darubini za namna hiyo za zamani zinataka jicho lisogee karibu sana na kioo, na mtu anayevaa miwani muda wote huona sehemu ya katikati tu. Yeye atafute inayoruhusu jicho kukaa milimita 15 au zaidi nyuma ya kioo. Lakini yako ni miwani ya kazi ya karibu. Kama mbali unaona vizuri bila miwani, utaivua tu na kutazama.

Jambo moja lingenifanya nikuambie usubiri. Mkikusudia kupanda mara kwa mara kwenye msitu wa Amani, juu ya Muheza, ambako ndege kama chozi wa Amani hula juu kabisa katika vilele vya miti, basi 8x42 ingewafaa zaidi kwa sababu ya mwanga. Mpya zinazoaminika za kiwango cha chini, kama Nikon Aculon A211 na Celestron Nature DX, huuzwa Marekani kati ya dola 100 na 170 kabla ya usafirishaji na ushuru, nazo zimevuka akiba yenu. Kwa Sahare, 8x30 nzima inatosha.

Nendeni maji yanapojaa, kwa sababu bahari huwasukuma ndege wa topeni waje karibu nanyi, na kuanzia Septemba hadi Aprili mtawakuta pia wageni kutoka Ulaya na Asia. Mwambie kijana asiielekeze darubini kwenye jua hata kwa sekunde moja, kwani huweza kumpofusha. Mkirudi msifute vioo kwa ncha ya shati, maana chumvi na mchanga huchubua lenzi; pulizeni kwanza, kisha futeni taratibu kwa kitambaa laini cha pamba kilichofuliwa. Usiku iwekeni ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja katika maboksi ya viatu, wala si kwenye mfuko wake wa ngozi, kwani ngozi hutunza unyevu na ukungu huanzia humo.