Shingo na tumbo kuliko kilo

Je, uzito peke yake unatosha kueleza nani atakoroma na kukatika pumzi usingizini? Hapana. Muhimu zaidi ni mafuta yamekaa wapi. Ya shingoni na kwenye ulimi huibana njia ya hewa pale misuli ya koo inapolegea. Ya tumboni husukuma juu kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, mapafu yakakosa nafasi, hasa ukilala chali. Ndiyo maana wawili wenye kilo zilezile, mmoja mwenye kitambi na mwingine mwenye nyonga pana, hawalali sawa.

Pima shingo kwa utepe wa fundi cherehani, chini kidogo ya kikoromeo, umesimama wima, utepe ugusane na ngozi bila kukazwa. Ukiinamisha kichwa utapata namba ya uongo. Mwanamume kuanzia sentimita 43, mwanamke 41, hatari imepanda.

Ila wembamba si kinga: taya dogo lililorudi nyuma au tonsili kubwa huziba koo vilevile. Kinachothibitisha tatizo ni kipimo cha usingizi cha usiku kucha, kinachohesabu pumzi zinazokatika au kupungua kwa sekunde 10 au zaidi. Mara 5 kwa saa ni mwanzo wa tatizo, 30 ni hali kali. Mwenye uzito mkubwa akipunguza asilimia 10 ya uzito wake, idadi hiyo hushuka kwa takriban robo. Unayesinzia ukiendesha gari usisubiri kupungua kwanza, nenda ukapimwe sasa.