Hoteli ndani ya nyumba ya kale Meksiko: chagua chumba kwanza

Hoteli kubwa ya kisasa ina vyumba mia tatu vinavyofanana, kwa hiyo ukilipia kimoja unajua umenunua nini. Nyumba ya miaka mia mbili iliyogeuzwa hoteli ya vyumba kumi na viwili haiko hivyo. Chumba kimoja kilikuwa sebule ya wenye nyumba, kingine stoo, kingine zizi la farasi, na leo bei zake huenda zikapishana kidogo tu. Anayekwenda Oaxaca, Puebla, Mérida au San Miguel de Allende asivutwe na picha ya ua peke yake. Aulizie chumba chenyewe, kwa namba ikiwezekana.

Aliyewahi kuingia nyumba ya mawe ya Lamu au ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ataielewa ramani yake upesi. Unavuka lango kubwa la mbao, unapita kwenye ukumbi uitwao zaguán, neno ambalo Wahispania walilipata kwa Waarabu, kisha unatokea kwenye patio, yaani ua ulio wazi juu, wenye baraza za matao pembeni. Vyumba vingi vinatazama uani na kuupa mtaa mgongo. Nyuma kuna ua wa pili, traspatio, kulikokuwa na jiko, mazizi na makazi ya watumishi. Kuta ni za mawe au matofali ya udongo mbichi, unene wake sentimita 60 hadi mita nzima, na dari ya boriti iko mita 4 au 5 juu ya kichwa chako.

Usitegemee kwamba mwenye hoteli atatoboa dirisha jipya au kuweka lifti ili kukuridhisha. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1972 inayalinda majengo ya kihistoria ya karne ya 16 hadi ya 19, na anayetaka kubadilisha kitu lazima apate kibali cha INAH, taasisi ya taifa ya mambo ya kale iliyoanzishwa mwaka 1939. Tunaiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote, kwani bila hiyo ua nyingi zingekuwa maegesho ya magari. Lakini maana yake kwa mgeni ni kwamba kasoro ya chumba ni ya kudumu. Huwezi kuilalamikia ikaondoka. Unaweza tu kuikwepa.

Chumba cha mtaani ndicho chenye roshani, mwanga na dari nzuri kuliko zote. Ndicho pia chenye kelele: kengele za kanisa alfajiri, muuza gesi anayenadi mitungi yake, na Jumamosi kule Oaxaca msafara wa harusi uitwao calenda, wenye bendi ya matarumbeta na fataki. Chumba cha uani kinakukinga na hayo, ila ua wa mawe unavumisha sauti kama mtungi. Ikiwa mgahawa au baa iko hapo chini, utasikia kila kijiko hadi wanapofunga, na saa moja asubuhi viti vitaanza kuburutwa kwa ajili ya kifungua kinywa. Milango ya kale ya mbao huwa na mwanya chini, kwa hiyo vizibo vya masikio ni vya lazima. Mara nyingi chumba bora kwa usingizi ni cha ghorofa ya juu kwenye ua wa nyuma, ambacho hakipigiwi picha za matangazo.

Kuna aina moja tunayokushauri uikatae: chumba cha chini ambacho mwanga wake wote unaingia kwa mlango wa vioo unaofungukia uani. Ukifunga pazia ili wapita njia wasikuone, unakaa gizani mchana kutwa. Ukilifungua, unavaa nguo mbele ya wanaokunywa kahawa. Vyumba hivyo hivyo vya chini ndivyo vinavyopata unyevu, kwa sababu kuta hizi hazina kizuizi cha maji kwenye msingi. Maji hupanda kutoka ardhini, yanakauka usoni mwa ukuta na kuacha chumvi nyeupe iitwayo salitre, na rangi inabanduka. Msimu wa mvua, takribani Juni hadi Oktoba, utaisikia harufu kabla hujaiona. Chumvi yenyewe si hatari. Ukungu mweusi nyuma ya kabati ndio wa kukimbia, hasa kwa mwenye pumu.

Kabla ya kulipa, watumie ujumbe wenye maswali haya, kwa Kihispania ili ujibiwe upesi: ¿La habitación da a la calle o al patio? (inatazama mtaa au ua?) ¿Tiene ventana, además de la puerta? (ina dirisha mbali na mlango?) ¿En qué piso está y hay elevador? (iko ghorofa gani, na kuna lifti?) Kumbuka kuwa planta baja ni sakafu ya chini, na piga hesabu ya ngazi za mawe ukiwa na sanduku la kilo 23. Cama matrimonial ni kitanda cha upana wa kama sentimita 135, chembamba kwa watu wazima wawili wenye miili; ukitaka nafasi, omba king size.

Kwenye bei, alama ya $ Meksiko ni peso, si dola. Angalia pia maneno más IVA au más impuestos: yakiwepo, ongeza asilimia 16 ya VAT pamoja na kodi ya malazi ya jimbo, ambayo hutofautiana. Mashine ya kadi ikikuuliza kama unataka kulipa kwa sarafu ya kwenu, kataa, lipa kwa peso; kiwango chao cha kubadilisha ni cha kukuumiza. Anayehitaji viza achukue nafasi inayofutika bila malipo hadi pasipoti irudi. Oaxaca wakati wa Guelaguetza, tamasha la ngoma za asili, Jumatatu mbili za mwishoni mwa Julai, na wakati wa siku za wafu, 31 Oktoba hadi 2 Novemba, vyumba huisha miezi mingi kabla, kwa hiyo anza kutafuta nusu mwaka mapema.

Bafuni ndiko wageni wengi wanakwama. Herufi C kwenye koki ni caliente, moto. Baridi ni F, fría. Aliyezoea koki za Kiingereza huunguza mkono siku ya kwanza. Maji hutoka kwenye tangi la paani, tinaco, kwa nguvu ya mteremko tu pale pasipo na pampu, hivyo chumba cha juu kabisa, kilicho karibu na tangi, ndicho chenye maji hafifu. Hita nyingi ni za gesi, na zile zinazopasha maji yanapopita, boiler de paso, hujiwasha zikipata mtiririko wa kutosha. Ukifungua kidogo kwa kubana matumizi, moto unazimika na unabaki na povu kichwani. Fungua C yote, subiri dakika tatu hadi tano maji yafike kutoka ua wa nyuma, kisha ongeza F polepole. Karatasi ya chooni weka kwenye ndoo iliyopo kando, kwani mabomba ya kale ni membamba na huziba. Maji ya bomba usinywe wala kusukutulia. Tumia ya chupa au ya garrafón, dumu la lita 20 ambalo hoteli nyingi huliweka kwenye baraza.

Umeme ni volti 127, hezi 60, na soketi ni za pini mbili bapa. Adapta ya kawaida inatosha kwa chaja iliyoandikwa 100–240V. Pasi au kikausha nywele cha volti 240 hakitaungua, lakini kitatoa kama robo tu ya joto lake, basi kiache nyumbani. Nyumba za zamani huwa na soketi zisizo na tundu la tatu la waya wa ardhi, hivyo nunua adapta yenye pini mbili tu. Waifai haipenyi ukuta wa mita moja. Mwenye kazi ya mtandao aulize kama kifaa kiko baraza ile ile ya chumba chake.

Kuta hizo hutunza baridi kama zinavyozuia joto. Mexico City iko mita 2,240 juu ya bahari, juu zaidi ya Nairobi, na usiku wa Januari hushuka hadi nyuzi chache juu ya sifuri, huku vyumba vingi havina chombo cha kupashia joto. Omba cobija, blanketi la ziada, jioni mapema kabla mapokezi hapajabaki mlinzi peke yake. Mérida ni kinyume chake: Aprili na Mei ni tanuri, na feni ya darini bila kiyoyozi haitoshi.

Meksiko ni nchi ya matetemeko. Mwaka 2017 peke yake Oaxaca ilipigwa tarehe 7 Septemba na Puebla na Mexico City tarehe 19. Kwenye majengo haya kinachoua mara nyingi ni kipande cha pambo au ukingo wa paa unaoanguka, kwa hiyo usikimbilie kusimama chini ya ukuta wa mtaani. Ukifika, tafuta bango la ruta de evacuación (njia ya kutokea), ifuate njia hiyo hadi punto de reunión (mahali pa kukusanyika), na uulize king'ora cha tetemeko kinasikikaje. Viatu na tochi vikae karibu na kitanda.

Haya yote yakague dakika kumi za kwanza: fungua koki, vuta pazia, nusa kabati, jaribu waifai kitandani, funga mlango na usikilize. Ukiona tatizo, omba kuhamishwa kabla hujafungua sanduku, ukitaja kile unachotaka: otra habitación, arriba y con ventana (chumba kingine, cha juu na chenye dirisha).