Mfarishi wa vitenge: ufuliwe kwanza au utolewe hivyo hivyo?

MASWALI YA WASOMAJI

Habari za kazi. Nimeshona mfarishi wa vipande vya vitenge, sentimita 150 kwa 200, ndani nimejaza faiba. Ni zawadi ya sendofu ya binti wa kaka yangu, Jumamosi ya wiki ijayo. Mama mkwe anasema zawadi hutolewa mpya, haifuliwi. Fundi jirani anasema nifue kwa chumvi na siki rangi isitoke. Nimsikilize nani?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Heshima ya mama mkwe iko palepale, ila ufue. Mfarishi uliotoka cherehanini una wanga wa kiwandani, mafuta ya mashine na jasho la mikono, hata kama unang'aa. Na kufuliwa kwa mara ya kwanza ndiko kunakoumbua rangi na mishono. Ikitokea mikononi mwako, unajua ulichoshona na utarekebisha. Ikitokea kwa bibi harusi, utakuwa umechanganywa na mashuka yake meupe, na wala hatakwambia.

Chumvi na siki viache jikoni. Siki ina kazi yake kwenye rangi za sufu na hariri. Chumvi hutumika wakati pamba inatiwa rangi, ili rangi iingie; kitenge kikishatoka kiwandani haina inachofunga.

Kwanza inua mfarishi dirishani. Mahali mwanga unapochungulia kwenye mshono, ujue ukingo ulioachwa ni mwembamba. Ukiwa chini ya milimita 5, nyuzi zitachomoka mara tu ukilowa. Pitisha mshono mwingine hapo. Kisha jaribu rangi: lowesha kitambaa cheupe cha pamba kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, ukikandamize dakika mbili juu ya kila kitenge. Anza na nyekundu, bluu iliyokoza na nyeusi, maana hizo ndizo wakorofi. Kitambaa kikibaki cheupe au kikipata kivuli tu, fua kawaida. Kikitoka na doa zito, fuata jibu la msomaji wa Sakina hapa chini.

Kufua kwenyewe si kazi ndefu. Chukua beseni kubwa kuliko yote nyumbani, maji ya baridi ndoo tatu za lita 20, na sabuni ya maji vijiko viwili vya chakula. Usisugue kwa sabuni ya mche, na jiki usiiguse. Kandamiza kwa viganja dakika kumi, kama unayekanda unga wa chapati bila kuuvuta. Maji yasiwe haba: yakiwa haba, rangi iliyotoka hukosa pa kwenda, ikarudi kukaa kwenye kipande cheupe. Suuza mpaka maji yatoke meupe, mara tatu au nne.

Kuutoa majini ndiko wengi wanakoharibu. Mfarishi uliolowa ni mzito. Ukiunyanyua kwa pembe moja, uzito wote unaning'inia kwenye nyuzi chache na unasikia zinakatika. Ingiza mikono yote miwili chini yake kama unayembeba mtoto aliyelala. Usiusokote. Uviringishe ndani ya mataulo mawili, ukandamize, kisha uutandaze juu ya kamba tatu sambamba, kivulini, upande wa nyuma ukiwa juu. Usianike kwenye majani: kuna nzi anayetaga kwenye nguo mbichi zilizo chini, na buu lake hupenya ngozi ya mtu. Dawa ya hilo ni pasi ya moto, nayo italaza faiba yako iwe kama karatasi.

Anza Jumatatu, usingoje Alhamisi, hasa wingu likiwa limekaa. Faiba ikikaa na unyevu itanuka uvundo mbele ya wageni.

Utapungua kidogo. Vitenge vikirudi kwa asilimia 3, sentimita 200 zinakuwa 194. Faiba yenyewe hairudi, ndiyo maana kitambaa kitafanya vikunjo vidogo kuzunguka mishono. Viache, ndiyo sura ya mfarishi.

*

Mimi nimeshafua, na kitenge chekundu kimechuja kwenye vipande vyeupe. Bado umelowa. Nifanyeje? Na floridi iliyomo kwenye maji ya huku haitaharibu nguo?
Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Vizuri kwamba umelowa. Usiuanike, usiupige pasi. Rangi ikikaukia pale inang'ang'ania.

Changanya maji yanayochemka na ya bomba, nusu kwa nusu. Kwa mwinuko wa Arusha maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo mchanganyiko utakuwa karibu na nyuzi 60, na ndiyo tunayotaka. Tia nusu kikombe cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Zamisha mfarishi kwa mwiko, si kwa mkono, kisha weka sahani juu yake: sehemu ikichomoza nje ya maji, rangi hupanda na kuacha mstari. Uache humo kwa muda wa saa 12. Maji yakiwa mekundu, mwaga, urudie na mapya. Wakati mwingine huchukua mara tatu au nne. Unaacha siku maji yanapobaki meupe baada ya saa 12.

Kuhusu wasiwasi wako juu ya floridi ya maji ya Arusha, hiyo ni habari ya meno na mifupa. Nguo haina shida nayo.

*

Wangu nimeujaza sufi ya mti badala ya faiba. Nayo naweza kuifua?
Msomaji, Ngaramtoni

JIBU: Hapana. Sufi ikilowa hujikusanya mabonge na hairudi kuchambuka. Fumua upande mmoja, toa sufi, fua ganda peke yake, likauke kabisa, ndipo ujaze tena. Kama muda hautoshi, upigepige vumbi, uuanike jua la asubuhi kwa muda wa saa mbili, na uutoe hivyo. Umwambie anayepokea asiutie majini.